Kidole Gumba cha Mkono Mwepesi

Saluni nzima ilimwita Mkono Mwepesi, na jina hilo hakupewa kwa kupakwa mafuta. Wapo wasusi ambao ukitoka mikononi mwao unatembea umeinua nyusi kama mtu aliyeshtushwa, hulali ubavu, hucheki, na ukipiga chafya unakiona cha mtema kuni. Yeye hakuwa wa hivyo. Wateja walisinzia kwenye kiti chake. Mama mmoja wa makamo, mtu wa heshima zake na mkoba wa ngozi, alikoroma pale mpaka mwenye saluni akaongeza sauti ya redio ili wengine wasiangue kicheko.

Siri ya wepesi ule ilikuwa kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Kabla ya kuanza mstari wowote, alikilaza kidole hicho juu ya ngozi ya kichwa, pale pale mstari unapoanzia, akakikandamiza kidogo na kukiacha hapo wakati vidole vingine vinashika nywele na kuanza kusuka. Ngozi ikatulia chini ya kidole, nywele zikavutwa zenyewe bila kuburuta ngozi. Alifundishwa na mama yake. Wasusi wenzake walijaribu kumwiga wakaacha, maana jambo hilo linachelewesha kazi na wao walikuwa na haraka zao.

Sasa njoo ukitazame kidole chenyewe. Aibu tupu. Vidole vyake vyote vilikuwa aibu, lakini hicho kilitia fora. Ngozi ya pembeni mwa kucha ilikuwa imechunwa, ikaota, ikachunwa tena, mpaka ukingo wote ukawa mwekundu na mgumu. Alianza kuichuna utotoni na hakuwahi kuacha. Akikaa tu bila kazi, kucha ya kidole cha shahada ilianza kutafuta kigozi kilichonyanyuka kando ya gumba, ikakikwangua, tk, tk, tk, mpaka kishikike, kisha meno yakamalizia. Ungemuuliza anafanya nini, angekuambia hafanyi kitu, na angekuwa anasema kweli kwa jinsi alivyojua. Akiwa na wasiwasi alichuna, akiwa na furaha alichuna, akisubiri maji yachemke alichuna. Wengine huvuta sigara. Yeye alijila mwenyewe, taratibu, bila chumvi.

Mama yake alipigana na tabia hiyo kama mtu anayepigana na panya jikoni. Alimpaka pilipili vidoleni, mtoto akazoea pilipili. Alimfunga vitambaa, akavitafuna. Mwisho mama alibaki na amri moja tu: "Kalia mikono." Basi msichana aliketi ameikalia mikono yake yote miwili, viganja chini ya mapaja, akisikiliza mazungumzo ya wakubwa mpaka mikono inakufa ganzi. Akiitoa tu, tk, tk.

"Itakuponza hiyo tabia," mama alimwambia. "Siku ikikuponza utanikumbuka."

Miaka ikaenda, na aliyeshindwa kukumbuka akawa mama mwenyewe. Ilianza na sufuria zilizosahauliwa motoni, yakafuata majina ya majirani, kisha mambo yakaharibika kabisa. Aliishi kwa mwanawe wa kiume, akimwita kwa jina la marehemu mumewe. Mke wa mwanawe huyo mama alimdhani muuguzi, akawa anamuuliza kila asubuhi ni lini ataruhusiwa kwenda nyumbani. Na binti yake alipoingia mlangoni, alimkaribisha kwa adabu zote anazostahili mgeni.

"Karibu, dada. Umemfuata nani?"

Kila mara Mkono Mwepesi alijitia hamnazo, akacheka, akaweka mkoba chini. Lakini moyoni alikatika vipande.

Alikuwa na dawa yake, hata hivyo, na ndiyo iliyomfanya asikate tamaa. Jumatatu saluni ilifungwa. Kila Jumatatu alikwenda kwa kaka yake, akaketi kwenye kiti cha sebuleni, na mama akakaa kwenye stuli fupi katikati ya magoti yake, amempa mgongo. Akamfumua, akamchana, akampaka mafuta. Kisha akakilaza kidole gumba pale juu ya paji la uso na kukandamiza kidogo. Hapo mabega ya mama yakashuka.

"Ahaa," mama alisema. "Umekuja, mwanangu."

"Nimekuja, mama."

"Mbona kimya siku zote hizi? Umekula?"

Na kwa muda wote wa kusuka, alikuwa na mama yake. Mama alimsengenya mkwewe aliyekuwa jikoni akisikia kila neno, akamkataza viatu virefu, akamuuliza yule bwana aliyekuwa anakuja kuja aliishia wapi. Nami huyo bwana sitamsimulia, hana la kusimuliwa. Wakati mwingine Mkono Mwepesi alisimamisha kazi kidogo ili saa isogee, na vidole, kwa kuwa havikuzoea kukaa bure, vikaanza mambo yao. Mama alisikia bila kugeuka.

"Toa mkono huko! Kalia mikono!"

Mwanamke mzima, mwenye mvi zake pembeni, aliikalia mikono huku akitabasamu kama mjinga. Hakuna kilichompendeza duniani kama kukaripiwa vile. Mstari wa mwisho ukiisha na kidole kikiondoka kichwani, mama aligeuka, akamtazama usoni, akasema, "Asante sana, dada. Una mkono mzuri." Basi imekwisha mpaka Jumatatu nyingine.

Wifi yake, huyo mke wa kaka, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Yeye ndiye aliyemwogesha mama, akamlisha, akamfuata barabarani akitoroka. Nywele tu ndizo zilizomshinda, maana mama hakukubali kuguswa kichwa na mtu yeyote asiyekuwa binti yake.

"Wifi, hizi nywele tuzinyoe," alisema siku moja wakiwa mlangoni. "Akijikuna zinafumuka, nikishika kitana ananipiga. Juzi kanitia ngumi ya sikio, mimi, mama watoto!"

"Usimnyoe, wifi. Nakuomba. Mimi nipo."

"Upo Jumatatu. Mimi nipo hizo nyingine zote." Kisha akalegea, kwa kuwa walipendana kwa ile namna ya mawifi ya kurushiana maneno. "Haya. Lakini siku usipokuja, mashine ya kaka yako ipo kabatini."

Hakuwahi kukosa kuja. Hebu fikiria kwa nini angekosa: nywele zikinyolewa, kidole kitalala wapi?

Balaa lilianza Jumamosi, saluni imejaa. Alikuwa amesimama nyuma ya mteja akisubiri dawa ya nywele ikolee, na kusubiri ndiko kulikokuwa adui yake. Kigozi kilikuwa kimesimama kando ya kucha ya gumba. Akakikwangua, akakishika kwa meno, akavuta. Kilikuja na nyama, kirefu, mpaka karibu na kiungo. Akanyonya damu, akafuta kidole kwenye aproni, akaenda kuosha kile kichwa chenye dawa kwa mikono mitupu, kwa sababu glavu zilimnyima wepesi wake.

Kesho yake kidole kilikuwa kimevimba na kudunda. Watu wengi huita hali hiyo mdudu wa kidole, ingawa mdudu mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona.

Na sasa nikueleze jambo ambalo ni watu wa saluni tu wangelifanya. Mle ndani ngozi ikichanika, hakuna aliyefunga bandeji, kwa kuwa bandeji inanasa nywele. Walichukua ile gundi ya kubandikia kucha, wakadondosha tone juu ya mchaniko, wakapuliza, ikakauka, kazi ikaendelea. Wote walifanya hivyo, na kwa mikwaruzo midogo ilikuwa haina neno. Mkono Mwepesi akadondosha tone lake. Likauma mpaka machozi. Likakauka, ngozi ikang'aa, na uchafu uliokuwa umeingia ukafungiwa ndani.

Fundi wa kucha wa saluni ile aliitwa Rangi Mbili, kwa kuwa hakuwahi kupaka mkono wake wa kushoto rangi sawa na wa kulia. Mdomo wake haukuwa na breki, lakini macho yake hayakudanganyika. Alimshika mkono rafiki yake wakati wa chai, akakigeuza kidole kwenye mwanga wa dirisha. Usaha ulikuwa unaonekana chini ya ngozi, wa kijani kibichi.

"Wewe, hiki kinataka hospitali."

"Kitapasuka chenyewe."

"Kitapasuka nini na umekiziba gundi? Nenda hospitali leo hii."

"Wataniwekea libandeji, Madamu atanirudisha nyumbani." Madamu ndiye mwenye saluni, na sheria yake kuhusu vidonda vya mikono ilikuwa haina mjadala. "Na Jumatatu wifi akiona bandeji hataniruhusu nimguse mama. Atasema nitamwambukiza. Atamnyoa. Nibandikie kucha juu yake."

"Sikubandikii."

"Nibandikie zote, zifanane. Nyekundu."

"Nimesema sikubandikii, mwenzangu. Nitakuua."

Lakini aliombwa kirafiki, akabembelezwa, akaliliwa. Akabandika. Alibandika kumi zote, akipuliza kila moja, na alipofika kwenye gumba alifumba jicho moja kama anayeuma limau. Mkono Mwepesi alifumba yote mawili. Ilipokwisha, akanyoosha mikono mbele ya kioo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake vidole vyake vikawa vizuri. Madamu alimsifia. Mteja mmoja alisema, "Leo umetokelezea." Alisikia fahari kidogo, masikini, na kidole kinadunda chini ya wekundu ule.

Jumatatu alikwenda kama kawaida. Wifi alizitazama kucha, akaguna, "Hee, kuna mtu tunaletewa?" wakacheka. Mama alimkaribisha mgeni. Stuli, kitana, mafuta. Alipokilaza kidole juu ya paji la uso, maumivu yalimpanda hadi kwapani akaona nyota, lakini alikandamiza vilevile. Mabega yakashuka.

"Umekuja, mwanangu." Akapandisha mkono wake wenye mikunjo, akakishika kile kidole pale kilipolala. "Mbona kidole kina moto hivi?"

"Ni jua tu, mama."

"Jua gani? Hiki kina usaha ndani. Umechuna tena. Si nilikuambia? Nenda ukatibiwe, mwanangu, usifanye masihara na kidole."

"Nitakwenda, mama."

"Leo."

"Leo, mama."

Ukimtoa Rangi Mbili, saluni nzima, wateja, Madamu, wifi, wote walikuwa wamesifia kucha. Aliyegundua ugonjwa ni yule mmoja ambaye akili zilikuwa zimemtoka, naye mstari wa mwisho ulipokwisha aligeuka na kusema asante, dada. Mkono Mwepesi alitoka pale akiwa na furaha. Ndiyo, furaha! Alikuwa ameonewa huruma na mama yake. Hospitali hakwenda. Alijiambia kwamba kama ameweza kuvumilia leo, Jumatatu ijayo ataweza pia.

Jumatatu ijayo hakuiweza. Katikati ya wiki homa ilimwangusha kwenye kiti cha wateja, na harufu ikaanza kutoka kwenye mkono wake, harufu ambayo mafuta yote ya saluni hayakuifunika. Madamu alisogea, akanusa, akarudi nyuma. Rangi Mbili alikimbilia chupa ya kuondolea kucha, akailowesha ile nyekundu. Ilitoka kirahisi. Ilitoka pamoja na kucha yenyewe, na chini yake palikuwa peusi.

"Mungu wangu," alisema Rangi Mbili, akaanza kulia. "Mungu wangu, nimefanya nini?"

"Hukufanya kitu," alisema Mkono Mwepesi. Meno yalikuwa yanagongana kwa homa. "Nilikulazimisha."

Daktari aliyempokea hospitalini alikuwa mwanamke wa umri wake, mwenye sauti ya chini na uchovu wa kuhudumia watu wengi. Alipima damu, akarudi na habari nyingine ambayo hakuna aliyeitafuta: alikuwa na sukari, pengine kwa muda mrefu, na kidonda kwenye mwili wenye sukari hakikosi cha kula. Akamwonyesha picha ya mfupa. Ncha yake ilikuwa imemung'unyika.

"Mfupa umeoza, dada. Tukikiacha kitapanda kiganjani."

"Nibakizie, daktari. Mimi ni msusi."

"Nitakubakizia kinachobakizika."

"Nibakizie hapa pa mbele tu. Pa kukandamizia."

Daktari hakuelewa ni pa kukandamizia nini, wala hakuuliza. Alikuwa ametupia macho mkono wa kushoto wa mgonjwa, ambao ulikuwa umelala juu ya shuka. Kucha ya kidole cha shahada ilikuwa kazini, inakwangua kando ya gumba zima lililobaki, tk, tk.

"Hata sasa?" daktari alisema polepole.

Mkono Mwepesi akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Kidole kilikatwa kwenye kiungo. Kilipona vizuri, kwa wanaopenda kusikia habari njema, na hiyo ndiyo peke yake niliyo nayo. Madamu hakumfukuza. Alimpa ufagio na kazi ya kuosha vichwa, kwa glavu safari hii, na kidole kimoja cha glavu kikawa kinaning'inia kitupu ndani ya maji. Wateja waliendelea kumwita Mkono Mwepesi kwa mazoea. Jina ndilo pekee ambalo daktari hakuligusa. Alijaribu kumsuka Rangi Mbili siku moja saluni ilipokuwa tupu, na Rangi Mbili akavumilia mpaka kope zikalowa, akasema, "Mbona haiumi." Mkono Mwepesi akaweka kitana chini. Alijua vizuri mtu anayeumia anavyokaa.

Jumatatu zote za hospitali na za kidonda, wifi hakunyoa. Hili lazima nimpe haki yake. Alitishia, akalalamika, akapigwa ngumi nyingine, lakini mashine ilibaki kabatini. Mwisho akapiga simu.

"Njoo ujaribu, wifi. Nimesubiri. Lakini zimekuwa kama sponji, na ngozi imeanza vidonda. Njoo."

Akaenda. Njia nzima alijizoesha kwa kukandamiza kipande cha kidole juu ya goti lake. Kilikuwa kifupi, kigumu mbele, na hakikusikia kitu. Alipiga moyo konde, akajiambia labda mama atakijua kwa uzito wake, labda kwa harufu ya mafuta, labda kwa lolote.

"Karibu, dada," mama alisema. "Umemfuata nani?"

"Nimekuja kukusuka, mama."

"Ninaye wa kunisuka. Lakini haya."

Akakaa kwenye stuli. Mkono Mwepesi alimchambua nywele kwa muda mrefu, kifundo kimoja kimoja, kwa upole ambao sijui aliutoa wapi. Kisha akakilaza kipande cha kidole juu ya paji la uso, akakandamiza. Mabega hayakushuka. Akakandamiza tena. Kikateleza. Akajaribu kwa gumba la kushoto, likakaa upande wasiouzoea wote wawili. Akaanza mstari hivyo hivyo, na ngozi ikaburutwa pamoja na nywele.

"Aa! Unaniumiza!"

"Pole, mama. Pole. Ni mimi."

"Wewe nani? Unaniumiza. Mwiteni mwanangu! Mwanangu ana mkono mwepesi, mwiteni aje!"

"Mama, ni mimi mwanao. Nimekuja."

Mama akageuka kwenye stuli, akamchunguza uso kuanzia juu mpaka chini, kwa huruma ya mtu anayemsikitikia kichaa. "Hapana, dada," akasema. "Mwanangu namjua."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema nilikuambia, wala hakuna kijembe alichotoa. Alisema tu, "Ngoja nikalete mkasi, tutaanza na mkasi," akaenda chumbani, na ikasikika kabati ikifunguliwa.

Mama akarudi kumpa mgongo, akatulia. Mkono Mwepesi alibaki nyuma yake kwenye kiti, kichwa kile kilichotimka kipo mbele ya magoti yake, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni na hayafuti. Hakujua vidole vilianza saa ngapi. Kucha ilikuwa imeshapata kigozi kando ya gumba la kushoto. Tk, tk, tk.

Mama akainua kichwa, akatega sikio. Binti hakuacha. Alikwangua kwa nguvu zaidi, karibu na sikio la mama yake, mpaka damu ikatoka. Kama hajui kidole, basi sauti hii ataijua. Sema, mama. Nikaripie.

"Unachuna vidole," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu naye ana tabia hiyo hiyo." Sauti yake ilikuwa laini, ya mazungumzo, kama ya watu wawili wanaosubiri kituo kimoja. "Nimempigia kelele tangu mdogo, haambiliki. Itamponza. Wewe ukimwona, mwambie aache."

"Nitamwambia, mama."

"Mwambie akalie mikono."

Wifi akaingia na mkasi na taulo. Mkono Mwepesi akaondoka kwenye kiti, akampisha. Akaketi kwenye stuli nyingine pembeni, akaingiza viganja vyake viwili chini ya mapaja, akaikalia mikono, na nywele zikaanza kuanguka.